Niliuzwa Isinya

Miaka tisa nimekaa Kitengela, na miaka tisa yote nimeijua barabara kwa upande mmoja: ule wa magari yaendayo Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri niko pale na koti langu, na wenzangu na makoti yao, tunagombania mlango wa matatu kama kuku waliomwagiwa mtama. Jioni narudishwa, nateremkia ng'ambo ya pili, naingia njia ya vumbi na mkate kwapani. Hapo hapo ninaposhukia ndipo makanga wanapoita, "Isinya, Kajiado, Namanga!" Mimi huwapita bila kugeuza shingo, kama mtu apitaye duka asilodaiwa.

Kilichonigeuza shingo ni kitabu. Nilikipata kwa wale wauza vitabu wa Nairobi wanaotandaza bidhaa chini, ambao lazima uiname ndipo ununue. Kilikuwa mwongozo wa zamani wa safari za Asia ya Kusini-Mashariki, jalada limechanika, ramani ya Laos imemwagiwa chai. Waanzilishi wa miongozo hiyo ni Tony Wheeler na mkewe Maureen, waliosafiri nchi kavu kutoka Uingereza hadi Asia na kisha Australia, wakatoa kijitabu chao cha kwanza 1973. Mwaka 1975 wakatoa cha Asia ya Kusini-Mashariki, kwa ajili ya msafiri asiye na pesa. Tangu hapo vijana wa Ulaya na Marekani wamejaa njia zile: Bangkok, Chiang Mai, Vientiane, Hanoi, kisha kusini hadi Phnom Penh, begi mgongoni, wanalala vyumba vya bei ya chini na kupanda mabasi ya wenyeji.

Nilikisoma ndani ya matatu, nimebanwa baina ya gunia la sukuma wiki na mama aliyebeba mtoto. Mtoto akanilalia begani. Hapo ndipo wazo liliponijia kwamba kijana wa Ulaya hulipa nauli ya ndege ili akapate haya haya: basi lililojaa, chakula cha kando ya njia, na mtoto asiyemjua anayemlalia begani. Mimi nayapata kila siku ya Mungu, na sijawahi kuyaita safari.

Tena barabara yenyewe si kichochoro. Hii ya Namanga ni kipande cha njia kuu ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Malori marefu ya watalii hupita hapa, Wazungu wamekaa juu na kamera zao, wameelekea Arusha na kwingineko. Hawashuki. Kitengela kwao ni matuta ya barabarani.

Basi mwezi wa Agosti shule zilipofungwa nikachukua begi la shule la mwanangu, nikatia sweta, shati, mswaki na kitabu changu cha Laos yenye chai. Mwenye duka wa mtaani akaniona nikipita.

"Mwalimu, unahama?"

"Hapana, natembea."

"Unamtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Natembea tu."

Alinitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. Mzungu akibeba begi mgongoni ni mtalii. Mkenya wa miaka arubaini na tano akilibeba, ama amefukuzwa nyumba ama anauza dawa za mende.

Matatu ya Kajiado ilikuwa imejaa nilipoingia, nikafurahi. Kumbe abiria wanne walikuwa wa kukodiwa, wale vijana wa stendi wanaokalia viti ili gari lionekane limejaa. Kila abiria wa kweli akiingia, mmoja wao anashuka. Tukakaa nusu saa na zaidi. Sikulalamika, kwa kuwa dirisha lilinipa nafasi ya kuutazama mji wangu kama mgeni, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa na haraka ya kwenda kazini.

Ukiwa mgeni, Kitengela itakuchanganya. Ni mji usio na uzee. Maghorofa yamesimama na vyuma vya nguzo vikichungulia juu, vikingoja orofa ambayo mwenye nyumba ataipandisha siku mkopo ukikubali. Benki imepakana na duka la mabati, na duka la mabati limepakana na banda la nyama choma ambako mbuzi mzima anatundikwa nje tangu asubuhi. Kina mama wanauza mitumba juu ya turubai, na lori la maji linajipenyeza katikati yao likipiga honi, kwa kuwa maji ya visima vyetu yana chumvi na mwenye nafasi hununua ya kunywa. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hushika kiatu na kukibakisha. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya watu 150,000. Kaunti nzima ya Kajiado, ambayo 2009 ilikuwa na watu wasiofika laki saba, ilikuwa imevuka milioni moja.

Hawa wote tumetoka wapi? Eneo la viwanda vya kuuza nje, lile tunaloliita EPZ, lilifunguliwa jirani huko Athi River baada ya sheria ya 1990, likaita vibarua. Nairobi nayo ikawa ghali. Lakini kabla ya hayo, kulikuwa na ardhi. Nyika hizi ni za Wamasai wa Kaputiei, nazo zilikuwa ranchi za pamoja chini ya sheria ya 1968. Kuanzia miaka ya 1980 zikaanza kugawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Mwenye hati ana kitu cha kuuza. Ekari zikakatwa, vipande vikakatwa tena, mpaka ikabaki lugha moja tu mjini: futi hamsini kwa mia. Mimi nina hamsini kwa mia yangu, nilionyeshwa na dalali siku ya jua kali, vigingi vinne na mti mmoja wa mgunga. Mti niliukata.

Nyumbu nao walikuwa na njia yao hapa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa 1946, haina ua upande wa kusini. Kuna mto Mbagathi tu, na wanyama walizoea kuvuka kuja kula nyasi za huku wakati wa mvua. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola nne kwa ekari kwa mwaka, kama shilingi 300 za wakati ule, ili wasizungushe ua wala wasiuze. Wengine walikubali. Lakini linganisha shilingi 300 na bei ya dalali, utajua kwa nini kuna ua kila mahali.

Simba hawakuambiwa. Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mkuki hapa Kitengela, katika kijiji cha Ilmasin, baada ya kuingia zizini. Machi 2016 simba mwingine, dume mwenye jina la Mohawk, alifika mpaka Isinya, akazingirwa na umati, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Katikati ya visa hivyo viwili kuna kijana wa hapa hapa, Richard Turere. Akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, aligundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi. Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha taa za ishara za pikipiki na balbu, akazipanga taa kuzunguka boma ziwake kwa zamu, simba adhani kuna mtu anayezunguka usiku kucha. Mwaka 2013 alikwenda kulieleza jambo hilo katika jukwaa la TED huko Marekani. Kila ninapopita mtaani na kuona taa za rangi za baa zikiwaka na kuzima, humkumbuka. Kwa taa zile, simba hawezi kuja.

Hatimaye tuliondoka.

Isinya ni njia panda. Barabara ya kulia inakwenda Kiserian na Ngong, na ukitazama kando unaona mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua. Ningependa kuisifu, ila pale ndipo nilipouzwa. Dereva aliegesha, konda akashuka, akasemezana na konda wa gari lingine lililokuwa likinguruma mbele yetu, noti zikahama mfuko. Akarudi akagonga bodi.

"Watu wa Kajiado, ingieni ile. Mmelipiwa."

Tulikuwa sita. Kuna waliotukana, kuna waliocheka. Mama mmoja mzee wa Kimasai, amejifunga shuka la buluu, alishuka polepole akiegemea mkono wangu.

"Wametuuza," akasema.

"Kwa pesa ngapi, mama?"

Akanipima kuanzia kiatu mpaka begi. "Mimi, mia. Wewe na huo mzigo wako, hamsini."

Katika gari la pili nilikaa juu ya kibao kilichowekwa baina ya viti viwili, nusu yangu kulia, nusu kushoto, magoti yakigusa kidevu. Kitabu cha akina Wheeler kina maneno mengi juu ya mabasi ya Asia. Sikuona ndani yake sura ya abiria kuuzwa.

Kusini mwa Isinya ardhi inafunguka. Nyumba zinapungua, nyasi zinakuja mpaka ukingoni mwa lami, migunga imesimama mmoja mmoja, na punda wanne wanatembea bila mwenyewe wakiwa na mitungi ya maji ya manjano mgongoni. Niliona swala wakila kando ya ng'ombe, bila woga. Niliona pia vibao vya "ploti zinauzwa" katikati ya nyika ambako hakuna hata kibanda, vibao vipya kabisa, vimechomekwa ardhini na kuachwa.

Mji wa Kajiado uko takriban kilomita 80 kutoka Nairobi, na umetulia kuliko Kitengela kwa namna ambayo mwanzoni ilinitia shaka. Hakuna aliyenivuta mkono. Jina lake limetokana na Kimaa, *ol-keju ado*, mto mrefu. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu siku hiyo, na wavulana wawili walikuwa wakichimba visima vya mkono ndani yake, wakiteka maji kwa kikopo.

Nilipata chumba cha shilingi 800: kitanda, msumari wa kutundikia nguo, ndoo ya kuogea. Mhudumu aliniuliza kama nimekuja kwa kesi ama kwa mambo ya hati za shamba, kwani mtu wa Kitengela halali Kajiado kwa sababu nyingine. Hapa ndipo makao makuu ya kaunti, na mahakama, na ofisi ya ardhi. Nilipomwambia natembea, akaniletea taulo ya pili bila kusema neno.

Jioni nikafuata reli. Kajiado ina stesheni ya ile reli inayotoka Konza kwenda Magadi, na reli hiyo kwangu ndiyo kitu cha maana kuliko vyote mjini. Haikujengwa kwa ajili ya watu. Ilijengwa kubeba magadi, ile soda ya ziwani inayokwenda kutengeneza vioo, na kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911. Kumbuka mwaka huo. Mwaka 1904 Waingereza walikuwa wamewafanya viongozi wa Wamasai watie alama za vidole kwenye mkataba wa kuwatoa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine huku kusini, kwa ahadi kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wa Laikipia nao wakaswagwa kuletwa kusini na mifugo yao, wengi wakifa njiani. Wamasai walikwenda mahakamani 1913 kuupinga, na mahakama ikasema hao ni watu wa dola nyingine, haina uwezo juu ya mkataba. Basi mwaka ule ule watu walipoambiwa kwamba kusini ndiko kwao, kampuni ilikuwa imeshapata ziwa lililoko huko huko kusini.

Nilikaa juu ya taruma nikila mahindi ya kuchoma. Garimoshi halikupita.

Asubuhi nikanywa supu ya mbuzi yenye pilipili ya kutoa machozi, nikapanda Probox kwenda Bissil. Gari lile limeumbwa kwa watu watano. Tulikuwa tisa, na mbuzi wawili kwenye buti, mmoja wao akinipumulia kisogoni safari nzima.

Bissil siku ya soko la mifugo ndiyo sababu naandika makala haya. Vumbi unaliona kabla ya mji. Ng'ombe wanaingia kwa makundi kutoka pande zote, baadhi wametembea usiku kucha, baadhi wamevuka kutoka Tanzania. Ndani ya ua wa soko wanaume wamesimama na fimbo zao, mashuka mekundu na ya miraba, simu shingoni, na baina yao wanazunguka mabroka wenye makoti na vitabu vidogo. Mnunuzi hasemi bei kwanza. Anamzunguka ng'ombe, anampapasa nundu, anambinya nyama ya mgongoni na penye shina la mkia, anarudi nyuma, anatema mate, anatazama kwingine kana kwamba amemchukia. Ndipo anataja namba, na mwenye ng'ombe anacheka. Kina mama wako pembeni na madumu ya maziwa na shanga, na nilipotazama vizuri nikaona pesa nyingi zilizotoka uani zinaishia kwao.

Nilisimama karibu na mzee mmoja mwenye mitamba watatu.

"Sopa, mzee."

"Ipa. Unanunua?"

"Hapana, mzee. Natembea tu."

"Hata mimi natembea," akasema. "Nimeondoka na hawa saa nane usiku."

Alikuwa mtu wa kwanza tangu nifunge begi ambaye hakuniona kichaa. Tukasimama pamoja. Aliniambia anauza wawili kwa karo ya muhula wa tatu, na wa tatu amemleta ili wale wawili wasiwe na wasiwasi, huyo hauzwi. Mwaka 2022, katika ukame ule ulioacha mizoga kando ya barabara hii yote, alipoteza wengi, hakutaja idadi, na sikuuliza. Kwa Mmasai kumuuliza idadi ya ng'ombe ni kama kumuuliza mtu kiasi kilichoko benki.

"Unakaa wapi?"

"Kitengela, mzee."

"Kitengela ya wapi?"

Nikamweleza: ukipita shule, ukate kushoto, ushuke mpaka bondeni. Akafumba macho kidogo, akawa anapajua. Ukame wa 1984, akiwa kijana, walipeleka ng'ombe mpaka huko, wakakaa miezi, kisha wakaendelea hadi kando ya Nairobi.

"Maji yako yana chumvi?"

"Chumvi sana, mzee. Hatuyanywi."

"Ng'ombe waliyapenda."

Akanyamaza, akamfukuza mbuzi wa mtu aliyekuwa akila shuka lake. Halafu akauliza nani aliniuzia shamba. Nikasema dalali. Na dalali alinunua kwa nani? Sikujua. Kuna jina kwenye karatasi za zamani, nimeliona mara moja siku ya kutafuta hati, wala sikulishika.

Broka akaja na namba yake ya mwisho. Mzee akatikisa kichwa mara mbili, mara ya tatu akampa mkono. Walipomwekea mtamba alama ya rangi kiunoni, akamgonga taratibu kwa fimbo chini ya sikio, akasema jambo kwa Kimaa. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimemtaja bibi yake," akajibu. "Namjua mpaka bibi yake."

Kutoka Bissil mpaka Namanga sina mengi ya kusimulia, kwani nililala. Niliamka mlima Ol Doinyo Orok, mlima mweusi, ukiwa umesimama juu ya mji kama askari wa zamu, wingu limeukaa begani.

Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli. Zamani msafiri alipigwa muhuri huku, akatembea, akapigwa muhuri kule. Sasa maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Malori yamepanga foleni, vijana wa kubadilisha fedha wanapunga noti za shilingi hizi na zile, na kina mama wa Kimasai wanakimbilia kila gari la watalii na mikono iliyojaa shanga. Mmoja aliliona begi langu, akaniita kwa Kiingereza, akanivalisha bangili kabla sijafungua mdomo.

"Shilingi elfu moja."

"Mama, mimi ni mtu wa Kitengela."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi mia mbili. Na hilo begi linakudanganyia watu."

Nililipa mia mbili. Nilitaka sana kuvuka, nifike japo Longido, nirudi. Lakini Mkenya anaweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho, ila kwa Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na mimi sikuwa na lolote ila kitambulisho na kitabu cha Laos. Afisa pale dirishani alikuwa mpole. Akaniuliza nilikuwa nakwenda kufanya nini huko. Nikasema kutembea. Akaniuliza namtembelea nani.

Nikageuka, nikatafuta gari. Nauli ya kutoka Namanga hadi Kitengela ilikuwa shilingi 450, nilikaa dirishani, na hakuna aliyeniuza.